Mbolea Ipo, Mmea Haupati: Kupima pH na Kusuuza Chumvi katika Bustani za Same

Malalamiko ya mlaji kuhusu mbolea huanza mara nyingi kwa maneno yaleyale: nimeweka, haikufanya kazi. Mtu amenunua mfuko kwa fedha zake, amefuata kipimo alichoelekezwa na muuzaji, na bado majani ya nyanya yanageuka manjano. Hatua yake ya kwanza huwa ni kuongeza mbolea nyingine. Hatua ya pili ni kumshuku muuzaji. Yawezekana kweli muuzaji ana hatia. Mbolea iliyochakachuliwa si hadithi, nasi tutalirudia jambo hilo baadaye. Lakini katika wilaya kama Same yupo mshukiwa wa tatu ambaye ni nadra kuhojiwa, nao ni udongo wenyewe.

Udongo unaweza kuwa na chakula tele na mmea ukafa njaa juu yake. Virutubisho vimo, ila vimefungwa: vimeshikamana na madini mengine kwa namna ambayo mizizi haiwezi kuvifyonza. Mbolea utakayoongeza itafungwa vilevile, na ile isiyofungwa itageuka kuwa chumvi ya kuunguza mizizi. Kwa hiyo mlaji anayetibu umanjano kwa mfuko wa pili anaweza kuwa analipia madhara. Makala haya yanamhusu mwenye bustani ya nyumbani: tuta la mchicha nyuma ya jiko, ndoo za pilipili hoho barazani, au kipande cha vitunguu kando ya mfereji.

Wilaya moja, udongo wa aina mbili

Tuchukue mfano wa kubuni wa ndugu wawili wa kike. Mkubwa ameolewa Mamba, juu milimani, kwenye tangawizi na maharage. Mdogo anaishi Makanya, chini, pembezoni mwa barabara kuu. Siku ya gulio wanakutana Same mjini, wananunua katika duka moja mbolea ileile iliyotengenezwa kwa fosfeti ya Minjingu, kila mmoja anarudi kwake. Baada ya miezi miwili maharage ya dada mkubwa yamechanua vizuri. Nyanya za mdogo zimedumaa na majani yake yana rangi ya zambarau kwa chini. Mdogo anapiga simu kuomba ushauri, naye dada yake anamwambia alichoambiwa na mama yao: nyunyiza majivu ya jikoni.

Ushauri huo ni mzuri sana Mamba, na Makanya ni sumu ya polepole. Sababu yake imo katika maji.

Milima ya Pare Kusini, inayopanda hadi kilele cha Shengena chenye urefu wa zaidi ya mita 2,400, hupata mvua nyingi. Kwa karne nyingi mvua hiyo imekuwa ikipenya ardhini na kuondoka na kalsiamu, magnesiamu na potasiamu, ikibakiza udongo mwekundu wenye chuma na alumini. Udongo wa namna hiyo huwa na uchachu. Chini tambarare, upande wa Makanya, Hedaru na Same mjini, mambo ni kinyume. Mvua ni haba, jua ni kali, na maji yanayoweza kupotea kwa mvuke katika mwaka ni mengi kuliko yale yanayoshuka. Maji yanayotoka mlimani au kisimani huja na chumvi kidogo iliyoyeyuka. Maji yanapanda hewani, chumvi inabaki. Mwaka hadi mwaka udongo huelekea kwenye alikali, na katika mabonde yasiyo na njia ya kutolea maji utaona ukoko mweupe juu ya ardhi asubuhi ya kiangazi. Wenyeji huuita udongo wa magadi au wa chumvichumvi.

Wazee wa Upare walioweka ndiva, yale mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya vijito usiku ili yafunguliwe mchana kwa zamu, walikuwa wakisambaza maji mepesi ya mlimani. Si kila bustani ya tambarare inafikiwa na maji hayo. Nyingi leo hunyweshwa kwa maji ya kisima, na kisima cha eneo kavu mara nyingi huwa na chumvi na bikaboneti, ambazo hupandisha alikali ya udongo kwa kila ndoo unayomwaga.

pH na namna inavyofunga virutubisho

Kipimo cha uchachu na alikali huitwa pH. Huanzia 0 hadi 14, na 7 ni katikati, yaani si chachu wala si alikali. Jambo ambalo watu wengi hulipuuza ni kwamba ngazi zake si sawa na za rula. Kushuka kutoka 7 hadi 6 ni kuongeza uchachu mara 10. Kushuka hadi 5 ni kuongeza mara 100. Kwa hiyo tofauti ya nusu ngazi, ambayo kwenye karatasi ya kipimo ni badiliko dogo tu la rangi, kwa mmea ni jambo kubwa.

Mboga nyingi za nyumbani hustawi kati ya 6.0 na 7.0. Ndani ya mpaka huo virutubisho karibu vyote huyeyuka kiasi cha kufyonzwa. Ukishuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imetulia ndani ya udongo huanza kuyeyuka na kuvimbisha ncha za mizizi, nayo fosforasi hukamatwa na alumini hiyo pamoja na chuma. Ukipanda juu ya 7.5, fosforasi hukamatwa tena, safari hii na kalsiamu. Chuma, zinki, manganizi na shaba nazo hugeuka kuwa vitu visivyoyeyuka. Udongo wa tambarare wenye chuma kingi unaweza kuzalisha mche wenye upungufu wa chuma, na hakuna muujiza hapo.

Sasa tunaweza kueleza yaliyowapata wale ndugu wawili. Fosfeti ya asili ya Minjingu ni jiwe lililosagwa, na jiwe huhitaji uchachu ili liyeyuke. Udongo wa Mamba uliliyeyusha. Udongo wa Makanya, wenye kalsiamu ya ziada na alikali, uliliacha kama lilivyokuwa. Mbolea haikuwa na kasoro na muuzaji hakudanganya; alichokosa ni kuuliza swali moja, yaani bustani yako iko wapi na pH yake ni ngapi? Kwa maoni yetu muuzaji asiyeuliza hivyo amefanya nusu ya kazi yake. Majivu nayo ni alikali. Mlimani hupunguza uchachu na kufungua fosforasi. Tambarare hukaza kufuli iliyokwisha kufungwa.

Kusoma majani kabla ya kufungua pochi

Umanjano si ugonjwa mmoja, na mahali unapoanzia ndipo penye habari. Naitrojeni, potasiamu na magnesiamu husafiri ndani ya mmea: vikipungua, mmea huvihamisha kutoka majani ya zamani kwenda machipukizi. Kwa hiyo majani ya chini yakififia kwanza, jani zima likawa na rangi hafifu, fikiria naitrojeni. Yakiwa manjano kati ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani, tena majani ya chini, fikiria magnesiamu. Chuma hakisafiri. Upungufu wake huonekana kwenye majani machanga ya juu: manjano iliyong'aa, mishipa ya kijani kama ramani ya mito. Ukiona hivyo tambarare, jambo la kwanza kushuku ni pH ya juu, na urea haitasaidia lolote.

Chumvi ina alama zake. Kingo na ncha za majani hukauka na kuwa za kahawia kana kwamba zimepitishwa motoni, na mche hunyauka mchana hali udongo umelowa. Udongo wenye chumvi huyashikilia maji hata mizizi ishindwe kuyavuta. Ndiyo maana mtu huongeza maji na mche ukaendelea kusinyaa. Maharage huumia mapema kuliko mazao mengi, vitunguu na pilipili hoho hufuata, nyanya huvumilia zaidi kidogo. Ukipanda maharage na nyanya tuta moja, maharage yakaungua kingo na nyanya zikawa salama, umepata kipimo cha bure.

Tahadhari: majani hutoa dalili tu. Maji yaliyotuama mizizini na minyoo fundo ya mizizi huleta umanjano unaofanana kabisa na huu. Ng'oa mche mmoja uangalie mizizi kabla ya kuhukumu.

Kupima mwenyewe

Kosa kubwa la upimaji hufanyika kabla ya kipimo kutumika, wakati wa kuchota udongo. Gao moja kutoka pembeni mwa tuta halisemi lolote kuhusu tuta zima. Pita bustanini kwa njia ya kupinda kama nyoka, chota sehemu 10 hadi 15 kwa kina cha sentimeta 20, ukiacha mahali palipomwagwa samadi, majivu au maji ya kufulia. Changanya yote katika ndoo safi ya plastiki. Ondoa mawe na mizizi, anika kivulini, ponda mabonge. Kwa ndoo za barazani, chota kwenye ndoo kadhaa katikati ya kina, si juu, kwa sababu juu ndiko chumvi hukusanyika.

Chukua kipimo kimoja cha udongo mkavu na vipimo viwili na nusu vya maji. Hapa ndipo wengi huharibu. Maji ya kisima yana pH yake na chumvi zake, hivyo utapima kisima badala ya udongo. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kutoka angani katika chombo safi, si yaliyopita juu ya paa lenye vumbi. Maji yanayouzwa kwa ajili ya betri yasitumike kwa kubahatisha: baadhi ya chupa ni tindikali kali, na jicho haliwezi kutofautisha. Koroga kwa dakika kadhaa, acha itulie nusu saa, kisha pima kwenye maji yaliyo juu ya tope.

Karatasi ya litimasi, ile ya bluu na nyekundu ya shuleni, husema tu kama kitu ni chachu au alikali. Haitoshi. Karatasi ya kuanzia 1 hadi 14 ni bora, lakini hatua zake za namba nzima ni pana mno. Ukiweza pata ile ya kati ya 4.5 na 9 inayosoma kwa nusu. Kipimo cha umeme chenye umbo la kalamu hutoa namba yenye desimali, na desimali hiyo huwapumbaza watu. Kalamu isiyorekebishwa kwa vimiminika vya kurekebishia vya pH 4 na pH 7 inaweza kukosea kwa ngazi nzima huku ikionyesha 6.83 kwa ujasiri. Ukinunua kalamu bila vimiminika hivyo, umenunua kifaa cha kukisia. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuamini kalamu ya namna hiyo kwa msimu mzima na kuzika ndoo nne za hoho, hivyo ushauri huu umelipiwa. Vile vijiti viwili vya chuma visivyo na betri, vya kuchomeka ardhini, hatuvipendekezi: husoma unyevu zaidi kuliko uchachu.

Kipo pia kipimo cha jikoni ambacho hakitoi namba ila hujibu swali moja. Dondoshea siki juu ya udongo mkavu. Ukitoa povu linalosikika, una chokaa ya asili humo, na pH yake huenda ikawa juu ya 7. Udongo wa namna hiyo haufai kutibiwa kwa unga wa salfa: salfa hushusha pH polepole kwa kazi ya vijidudu, na chokaa iliyomo itaimeza kwa miaka. Panda mimea inayovumilia, ongeza mboji, na ulishe chuma kupitia majani.

Kwa chumvi, kalamu nyingine hupima jinsi umeme unavyopita katika maji, na kipimo chake ni milisimensi kwa sentimeta. Ipimie kwanza maji yako ya kumwagilia. Chini ya 0.7 hakuna wasiwasi. Kati ya 0.7 na 3 yanahitaji uangalifu na uchaguzi wa mazao. Juu ya 3, usianzishe bustani kwa maji hayo bila ushauri wa afisa ugani. Kujua namba hii kabla ya kununua mbegu ni akiba kubwa kuliko punguzo lolote la dukani.

Kusuuza chumvi

Kusuuza ni kumwaga maji mengi yapite udongoni na kutoka chini, yakiondoka na chumvi. Neno lenye uzito hapo ni kutoka. Maji yasiyo na pa kwenda huiyeyusha chumvi, hukaa nayo, kisha jua huirudisha juu. Kabla ya yote chimba shimo la kina cha nusu mita kando ya tuta. Mwaga ndoo moja ndani. Ikiwa maji yangali humo kesho yake, usisuuze: inua matuta, chimba mfereji wa kutolea maji, kisha rudi kwenye swali hili.

Kwa ndoo ya barazani yenye matundu chini, kanuni ni nyepesi: maji ya ujazo mara mbili ya ujazo wa udongo, yakimwagwa polepole, na sahani ya chini iondolewe ili ndoo isinywe tena ilichokitoa. Ndoo ya lita 20 itataka takriban lita 40. Pima maji yanayotoka mwanzoni na yanayotoka mwishoni. Tofauti ya namba ndiyo kazi uliyofanya.

Kwa tuta la ardhini hesabu inauma. Ili kuondoa karibu nusu ya chumvi katika sentimeta 30 za juu, unahitaji maji ya kina cha sentimeta 15. Ili kuondoa karibu asilimia 80, kina cha sentimeta 30. Tuta la mita moja kwa mita tano litakula lita 750 kwa nusu hiyo, yaani madumu 38 ya lita 20, na madumu 75 kwa ile asilimia 80. Anayenunua maji kwa dumu Same mjini ataona mara moja kwamba mboga hiyo haitalipa. Kwa hiyo kazi hii ni ya msimu wa masika. Sawazisha tuta, liwekee kingo, acha mvua ifanye kazi bila malipo, na ongezea madumu machache siku ya mvua yenyewe udongo ukiwa umekwisha kulowa. Maji hayo yagawanywe kwa awamu. Awamu nne zenye mapumziko huosha kuliko gharika moja inayopita kwenye nyufa.

Kusuuza huondoa pia naitrojeni uliyoilipia, hivyo baada yake utahitaji kurudishia kidogo. Wapo wanaoshauri kusuuza siku chache kabla ya kuvuna ili mboga iwe tamu. Kwa tuta la ardhini hatuoni faida yake.

Hadi hapa tumezungumzia chumvi ya kawaida. Ipo hali mbaya zaidi, nayo ni sodiamu. Udongo ambao sodiamu imeushika huwa na pH ya 8.5 na kuendelea, huteleza kama sabuni ukilowa na kuwa kama tofali ukikauka. Jaribu hivi: weka kibonge kikavu chenye ukubwa wa punje ya maharage ndani ya glasi ya maji ya mvua, usikitikise. Kikimomonyoka na maji yakabaki safi, huna tatizo. Baada ya saa chache ukiona wingu la maziwa likikizunguka, ni sodiamu: chembe za mfinyanzi zinasukumana badala ya kushikana.

Udongo huo ukisuuzwa kwa maji matupu huharibika zaidi. Chumvi nyingine ndizo zilizokuwa zikizishika zile chembe. Ukiziondoa na kuiacha sodiamu, mfinyanzi husambaratika, huziba vinyweleo vyote, na maji hayapiti tena. Ndiyo sababu kipimo cha glasi kirudiwe baada ya awamu ya kwanza ya kusuuza, hata kama mwanzoni maji yalibaki safi.

Dawa yake ni kalsiamu inayoyeyuka, ili iingie mahali pa sodiamu, nayo sodiamu iondoke na maji. Wakazi wa Same wana bahati ambayo wilaya nyingi hazina, kwa kuwa jasi huchimbwa Makanya. Malori huipeleka viwanda vya saruji, ilhali bustani zilizo jirani na machimbo huenda zinaihitaji. Jasi iliyosagwa laini, kati ya nusu kilo na kilo moja kwa mita ya mraba, huchanganywa na sentimeta 15 za juu kabla ya kusuuza. Kiasi kamili hutolewa na maabara. Bonge lisilosagwa litakaa ardhini miaka. Jipsamu ya mafundi wa dari isitumike, kwani huchanganywa na vitu vingine. Na jasi isichukuliwe kuwa chokaa: haipandishi pH, haitamsaidia dada wa Mamba kuondoa uchachu. Yeye anahitaji chokaa ya kilimo, gramu 100 hadi 200 kwa mita ya mraba kwa kuanzia, ikichanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, na isimwagwe siku moja na urea au SA, maana naitrojeni itapotea hewani.

Dukani

Ukiwa na namba ya pH mkononi unakuwa mteja mwingine kabisa. Kwa tambarare yenye alikali, SA, yenye naitrojeni asilimia 21 pamoja na salfa, huacha uchachu kidogo na mara nyingi hufaa kuliko urea, ingawa urea ina asilimia 46. Urea iliyoachwa juu ya udongo mkavu wa alikali hupotea hewani kwa kiasi kikubwa. Ukiitumia, ifukie na umwagilie siku hiyohiyo. Mlimani tahadhari ni kinyume: SA ya kila msimu bila chokaa huzidisha uchachu.

Chupa za virutubisho vya majani zinastahili kusomwa kwa miwani. Chuma huuzwa kikiwa kimeshikwa na kiungo kinachokizuia kufungwa, na jina la kiungo hicho huandikwa kwa herufi ndogo. EDTA hushika chuma vema katika udongo wenye uchachu, lakini hukiachia pH inapopita takriban 6.5. DTPA hufika karibu 7.5. EDDHA hustahimili udongo wa alikali, na bei yake ni ya juu. Chupa ya EDTA iliyomwagwa kwenye udongo wa pH 8 ni fedha iliyomwagwa. Ileile ikinyunyizwa juu ya majani jioni inaweza kufaa. Chupa isiyotaja kiungo wala asilimia ya kilichomo, bali inaahidi kustawisha mazao yote katika udongo wowote, irudishe rafuni.

Chini ya Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009, inayosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, mbolea inayouzwa nchini lazima iwe imesajiliwa, na muuzaji lazima awe na leseni. Omba kuiona. Omba risiti yenye jina la mbolea na tarehe. Mfuko uliofunguliwa na kupimwa kwa kopo hauna lebo ya kukutetea, hata kama ni nafuu. Ukishuku umeuziwa mbolea bandia, hifadhi mfuko wenye lebo, risiti, na kiasi kilichobaki kikiwa kimefungwa vizuri pasipo unyevu, kisha toa taarifa kupitia afisa ugani wa kata au moja kwa moja kwa Mamlaka. Ambatanisha na namba ya pH ya bustani yako. Mkaguzi ataanza kwa kuuliza hilo, na mlaji mwenye jibu husikilizwa kwa namna nyingine.

Kwa uchunguzi kamili, sampuli inaweza kupelekwa maabara ya udongo ya TARI Mlingano, Muheza, au ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Uliza gharama kwanza, na useme wazi vipimo unavyotaka: pH, chumvi, sodiamu, fosforasi. Nusu kilo ya udongo uliokaushwa kivulini yatosha. Usiutie katika mfuko uliowahi kubeba mbolea, chumvi au saruji. Juu yake andika kwa kalamu isiyofutika kijiji, kina ulichochota, tarehe, zao lililokuwapo, na maji unayomwagilia kama ni ya ndiva, ya bomba au ya kisima. Karatasi yenye maelezo hayohayo iwekwe ndani, katika kimfuko chake cha plastiki, kwa kuwa wino wa nje hufutika safarini.